Gego la Mwisho Upande wa Kulia

Fundi viatu alikuwa na koleo mbili. Moja ilikaa sandukuni pamoja na nyundo na misumari, imeshika kutu, inabana pale tu inapojisikia kubana. Ya pili ilikuwa mdomoni, na hiyo ndiyo aliyoiamini. Alipofika kwenye mshono mgumu wa soli, mahali ambapo uzi wa nta unagoma kukaza kwa mkono, aliinamisha kichwa, akauweka uzi katikati ya magego ya kulia, akauma, akavuta kwa shingo nzima. Mshono uliokazwa namna hiyo haukufunguka. Kiatu kingetoboka mbele na kuchakaa nyuma, mshono ungebaki pale pale umeshika.

Mkewe alikuwa akimgombeza kwa jambo hilo tangu wakiwa vijana. Fundi alimwita Bi Mkubwa, ingawa hapakuwa na mdogo na wala hakuna aliyethubutu kufikiria kwamba angekuwepo.

"Mdomo Mungu kakupa ule, usalimie watu," alizoea kumwambia. "Wewe umeugeuza karakana."

Jumanne hiyo walikuwa wamekaa kwenye benchi ya kitengo cha meno kabla mlango haujafunguliwa, Bi Mkubwa ameshika mfuko wenye chupa ya uji, Fundi ameshika shavu. Gego lake la chini lilikuwa limepasuka, na kipande kikubwa cha upande wa ulimi kilikuwa kimekwenda. Kilicholipasua hakikuwa uzi, kilikuwa karanga, na katika maumivu yote Fundi alishukuru kwa hilo. Ingekuwa uzi, asingesikia mwisho wake hadi siku ya kuzikwa.

Jino hilo halikuwa la kuchezea. Upande wa kushoto, juu na chini, magego yalikwisha zamani. Yote yaling'olewa hapa hapa, moja baada ya jingine, kwa sababu kila alipokuja aliambiwa dawa ya kuziba hakuna, njoo wiki ijayo, na kila mara maumivu yalimshinda kabla wiki ijayo haijafika. Upande wa kulia, gego hili ndilo pekee la chini lililokuwa na mwenzake wa juu wa kusagana naye. Hili likiondoka, Fundi angebaki na meno ya mbele ya kuchekea wateja, na chakula angekuwa anakimeza. Tayari Bi Mkubwa alikuwa akimkatia nyama vipande vidogo vidogo jikoni kimya kimya, kisha anaileta mezani kama vile ng'ombe mwenyewe alizaliwa hivyo. Fundi naye alijifanya haoni. Walikuwa wanapendana kwa njia hizo.

Walikuja Jumanne kwa sababu Jumanne ndiyo ilikuwa siku pekee ya kuziba. Siku nyingine zote kitengo kiling'oa tu. Kung'oa ni haraka: sindano, koleo, pamba, nenda nyumbani. Kuziba jino lililobomoka kunakula sehemu nzuri ya asubuhi, na mwisho wa mwezi ripoti inahesabu vichwa vilivyopita mlangoni, haihesabu meno yaliyobaki vinywani. Kitengo kilichong'oa sana kilipongezwa kwa kuhudumia wananchi wengi.

Mlango ulipofunguliwa waliitwa wa kwanza. Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye mikono myepesi na mazoea ya kuzungumza na meno moja kwa moja kana kwamba mwenye meno hayupo. Kiti chake kilikuwa kimegoma kushuka tangu mwaka juzi, kwa hiyo wagonjwa walipandia kigoda cha mbao. Fundi alipanda, akalala, akafungua mdomo. Daktari akaingiza kioo.

"Ala! Nani kakufanyia hivi?" aliliuliza gego.

"Karanga," Bi Mkubwa akajibu kutoka mlangoni, mahali ambapo ndugu wa wagonjwa hawaruhusiwi kusimama.

"Hiyo karanga ilikuwa na kisa naye." Daktari akagonga jino taratibu kwa mpini wa kioo, akabonyeza ufizi, akatazama tena. "Ukuta wa ndani wote umekwenda, na wa nyuma nusu. Lakini mizizi imesimama vizuri. Ufizi mzuri. Halijafa hili, mzee wangu. Lina hasira tu."

"Kwa hiyo si la kung'oa?" Bi Mkubwa akauliza.

"Kwangu mimi ni la kuziba. Ngoja tumsikie Mkuu."

Mkuu wa kitengo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeulizwa maswali kutoka juu kila mwezi, na jibu pekee lililowaridhisha huko juu lilikuwa idadi. Aliingia akipangusa miwani, akainama juu ya mdomo wa Fundi, akainuka.

"La kung'oa."

"Mizizi ni mizima, Mkuu."

"Mizizi mizima na nyumba imeanguka. Daktari, dawa iliyobaki kwenye ile chupa ni ya mtu mmoja. Unataka uimalizie hapa?"

"Ndilo jino lililokuja."

Dawa yenyewe ilikuwa ile ya rangi ya fedha, unga wa madini unaochanganywa na zebaki ukawa uji mzito, kisha ukaganda mdomoni kuwa chuma. Ilikuwa inaondolewa. Kitengo kiliambiwa hivyo kwa barua. Kiliambiwa pia kwamba mbadala wake ni mzuri zaidi na kwamba uko njiani. Wauguzi walikuwa wameanza kuuzungumzia huo mbadala kama ndugu aliyekwenda ng'ambo: atarudi, hajasema lini.

Mkuu akavua miwani tena.

"Sikiliza. Leo mchana natakiwa niwapigie simu wakubwa niseme kama Jumanne za kuziba zinaendelea au tunazifuta. Haya, ziba. Likikaa, nitawaambia kazi inafanyika, watuletee dawa. Likivunjika kama lile la mwezi uliopita, basi. Jumanne nayo tutang'oa, nami sitaki ubishi."

Fundi aliyasikia yote hayo akiwa na kioo mdomoni na pamba shavuni. Alitaka kusema kwamba yeye alikuja na jino lake tu, hakuja na Jumanne za watu. Kilichotoka ni "aaah."

"Anakubali," Daktari akasema.

Sindano ya ganzi ilikuwa kali, kisha nusu ya uso wa Fundi ikahama. Keekee ikalia. Daktari alitoa uozo wote hadi akafika kwenye jino gumu, safi. Halafu akachukua keekee nyembamba kama ncha ya sindano, akatoboa vishimo pembeni, na ndani ya kila kimoja akapachika kijiskrubu ambacho Fundi alikiona kwa shida kilipopita mbele ya jicho lake.

"Misumari?" akauliza kwa ulimi mzito.

"Misumari, mzee wangu. Dawa ikikaa juu ya ukuta usiokuwepo itashika nini? Inashika hapa."

Fundi akaridhika. Mtu anayeelewa kwamba kitu kizito kinahitaji msumari ni mtu wa kuaminika.

Daktari akalizungushia gego ukanda mwembamba wa chuma, akaukaza kwa kabari ya mti ili dawa isimwagikie ufizini. Mashine ya kuchanganyia ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo alifungua kabati akatoa kinu kidogo cha kioo na mchi wake, vitu vya tangu enzi za mwalimu wake. Akaigeuza chupa ya unga juu chini, akaigonga kitako, akaikwangua kwa ncha ya kijiko hadi ndani mkawa hamna kitu. Akatonesha zebaki. Akatwanga. Mchanganyiko ukaanza kulia chini ya mchi, kijisauti cha kusagana, na Bi Mkubwa, ambaye sasa alikuwa ameshaingia kabisa ndani, akasema kwamba unasikika kuwa tayari.

"Mama, ukihitaji kazi uje," Daktari akamwambia.

"Nije nilipwe na nani?"

Wakacheka wote wawili. Fundi alicheka kwa nusu ya uso aliyokuwa nayo.

Kisha hapakuwa na kucheka. Daktari alishindilia dawa kidogo kidogo, kwanza kuzunguka misumari, halafu pembeni, halafu juu, kwa nguvu za bega, jasho likimtoka chini ya barakoa. Alifanya kazi kwa haraka kwa sababu dawa haingoji. Ilipoanza kuwa ngumu akautoa ukanda kwa upole mwingi, akapumua, akaanza kuchonga. Alichonga vilima na mabonde, akampa Fundi kikaratasi cha wino akiume taratibu, taratibu nimesema, akakwangua palipogusa sana, akampa tena. Mwisho akaweka kioo mbele yake. Mahali palipokuwa na shimo palisimama gego zima, la kijivu linalong'aa, pana, lenye mabega.

Fundi akalitazama muda mrefu. Alikuwa ameshona viatu vya watu maisha yake yote, na hakukumbuka mtu kumfanyia yeye kitu kwa uangalifu wa namna hiyo. Macho yalimjaa maji na akasingizia ganzi.

"Sasa nisikilize," Daktari akasema. "Hapa lilipo ni laini bado. Litakomaa kesho. Leo upande huu usitafune chochote, hata mkate. Uji, maji, basi."

"Na uzi," Bi Mkubwa akasema.

"Uzi gani?"

Bi Mkubwa akamweleza, kwa kirefu, tangu wakiwa vijana. Daktari akaweka mikono kiunoni.

"Mzee wangu. Uzi hata kesho usiume. Uzi usiume tena maishani mwako. Unanielewa? Leo ukiuma, umeua jino, na umeniua na mimi."

"Nitamchunga," Bi Mkubwa akasema.

Fundi alikuwa akishuka kutoka kwenye kiti alipokiona kiatu. Kwa kuwa alishuka akitanguliza macho chini kutafuta kigoda, kilikuwa mbele yake kabisa: kiatu cha kulia cha Daktari, cheusi, cha ngozi nzuri, soli imeachia mbele, na kilikuwa kimefungwa kwa plasta ya hospitali iliyozungushwa mara nyingi. Mwanamke huyo alikuwa amesimama juu ya kitu hicho asubuhi yote akimjengea jino.

"Vua," Fundi akasema.

"Nini?"

"Kiatu. Vyote viwili. Nakurudishia kabla hujatoka kazini."

Daktari akakataa, akasema kinaweza kusubiri, akasema ana wagonjwa. Lakini Fundi alikwishapiga goti na kuanza kubandua plasta kwa ukucha. Mwishowe Daktari akavua, akavaa ndala za kitengo, akampa. Alikuwa na haya kidogo, na furaha kidogo pia. Wagonjwa humletea shida zao. Ilikuwa mara chache mmoja akaondoka na shida ya kwake yeye.

Kijiwe cha Fundi kilikuwa kwenye ukuta wa nyuma wa soko, chini ya kipande cha bati. Bi Mkubwa aliuza kamba za viatu na rangi pembeni yake, meza zao zimegusana. Kabla hajamruhusu kukaa alimfunga leso chini ya taya, fundo juu ya kichwa.

"Ili ukumbuke."

"Watu watacheka."

"Wacheke. Wao wana magego."

Walicheka kweli. Muuza vitunguu wa jirani aliuliza kama Fundi ameota matumbwitumbwi uzeeni. Mteja mmoja akampa pole ya msiba. Fundi alikaa kimya kifalme akakichambua kiatu cha Daktari. Alitoa uzi wote uliooza, akakwangua gundi ya zamani, akapaka mpya, akabana, akangoja. Kisha akaanza kushona kwa mkono, tundu kwa tundu, uzi wa nta mara mbili. Alikishona kiatu hicho kwa mapenzi. Mshono wa kawaida ungetosha, yeye akauweka wa buti. Kila alipofika mahali pagumu, kichwa kilianza kuinama chenyewe, na kila kilipoinama, Bi Mkubwa alikohoa. Kichwa kikainuka. Akazungushia uzi kwenye mpini wa nyundo akavuta kwa mkono.

Alikuwa amebakiza mshono wa ncha tu, ule unaofunga kazi yote, askari wa manispaa walipofika.

"Toeni! Toeni kila kitu! Ukuta uwe mtupu, kuna ugeni unapita!"

Ugeni gani, hakuna aliyejua, na pengine hata askari hawakujua. Walijua kwamba mgeni huyo asione meza, wala vitunguu, wala mtu anayeshona kiatu. Mmoja akaishika meza ya Bi Mkubwa kwa mguu akaanza kuivuta.

"Weka chini meza yangu!" Bi Mkubwa akaruka. "Weka chini, mwanangu, nitaibeba mwenyewe! Mimi nimekuzaa wewe? Ningekuzaa ungenisalimia kwanza!"

Watu wakakusanyika. Muuza vitunguu alikuwa akikimbiza magunia, mtu alikikanyaga kikopo cha rangi. Askari wa pili akasimama juu ya Fundi.

"Mzee, hujasikia?"

"Nimalizie huu mmoja. Mmoja tu."

"Unainuka au nichukue hicho kiatu?"

Kiatu cha Daktari. Fundi akaingiza sindano kwenye tundu la mwisho, akavuta, uzi ukagoma. Nyundo ilikuwa imeshatupwa kwenye gunia. Leso akaishusha shingoni. Kichwa kikainama na safari hii hapakuwa na aliyekohoa. Akauma, akavuta kwa shingo nzima, kama alivyofanya tangu alipojifunza kazi.

Mshono ukakaza barabara.

Hakuhisi kitu, maana ganzi ilikuwa haijaisha. Alisikia. Kulikuwa na kijisauti ndani ya fuvu, kama mtu kavunja njiti ya kiberiti, kisha kitu kigumu kikawa kinatembea juu ya ulimi. Akakitema kiganjani. Kilikuwa kipande cha kijivu chenye bega moja zuri lililochongwa.

Bi Mkubwa alirudi akiwa mshindi. Alikuwa amewabana askari hadi wakakubali kila mtu afungashe mwenyewe kwa nafasi yake, na alikuwa bado anapumua kwa ushindi huo alipouona uso wa mumewe.

"Mbona hivyo?"

Fundi akafungua kiganja.

Alingoja maneno. Alikuwa ameyastahili, yote ya tangu wakiwa vijana, na angeyapokea. Bi Mkubwa akakitazama kile kipande, akakitazama kiatu kilichokamilika, akatazama ukuta ulioanza kuwa mtupu. Akaketi chini kwenye gunia karibu naye, bega kwa bega, wakati watu wote wanakimbia. Akachukua leso shingoni mwake akamfunga tena, fundo juu, na safari hii alilifunga polepole.

"Ulikuwa unakimalizia," akasema.

"Nilikuwa nakimalizia."

"Basi twende tukampe."

Fundi akauliza, "Na tumwambie?"

"Yeye tutamwambia. Yule mwingine mwenye miwani hatumwambii."

Walikwenda kwa miguu, meza kichwani kwa Bi Mkubwa, sanduku begani kwa Fundi, viatu vya Daktari mkononi. Njiani ganzi ilianza kuachia, na jino likaanza kuuma kwa mbali. Fundi hakuliwazia sana. Aliwaza chupa iliyokwanguliwa hadi mwisho. Aliwaza watu watakaopanda kile kigoda Jumanne ijayo, na Jumanne nyingine, wakiambiwa wafungue mdomo waingizwe koleo, kwa sababu mzee mmoja hakuweza kuuacha uzi siku moja. Alijisikia vibaya kuliko siku yoyote aliyoikumbuka.

Mkuu wa kitengo alikuwa amesimama koridoni, simu mkononi, akiongea na Daktari.

"Afadhali!" akasema alipowaona. "Ulikuwa unanijia akilini, mzee. Nataka kuwapigia sasa hivi. Hebu fungua nilione jino letu."

Fundi akasimama. Akamtazama Mkuu, akatikisa kichwa.

"Sifungui," akasema kwa meno yaliyofungwa.

"Vipi?"

"Amekatazwa," Bi Mkubwa akadakia, akitua meza sakafuni kwa kishindo, kati ya mumewe na Mkuu.

"Amekatazwa kutafuna, mama. Hayo tunawaambia wote."

"Kwa huyu ni kitu kimoja. Ukimfungua tu, anatafuta cha kuuma. Nimeishi naye, wewe umekutana naye asubuhi. Unaiona leso? Unadhani ni pambo?"

"Mama, mimi ndiye mkuu wa kitengo hiki."

"Kitengo ni chako, baba," Fundi akasema, taya limebanwa. "Mdomo ni wangu."

Hakuwa amewahi kumjibu mtu wa ofisi namna hiyo. Mkuu akamgeukia Daktari. Daktari alikuwa akitazama viatu alivyokabidhiwa: mshono wa buti, na ile ncha ya mwisho, iliyokazwa kuliko mkono wowote unavyoweza kukaza. Akainua macho yakakutana na ya Fundi. Akaelewa yote. Uso wake ulibadilika kidogo tu, kisha ukatulia.

"Muache afunge, Mkuu," akasema. "Kwa jino kubwa kiasi kile ni afadhali."

"Lakini umeridhika nalo?"

"Nimelijenga kwa mkono wangu. Sijawahi kujenga zuri kuliko lile."

Na hakuna neno la uongo hapo. Mkuu akakuna kichwa, akatembea hadi dirishani, akapiga simu. Walimsikia. "Ndiyo, mheshimiwa... Hapana, kazi inafanyika, leo leo tumeziba gego lililobomoka kabisa... Ndiyo... Tunachohitaji ni dawa tu... Ndiyo... Ndiyo, naelewa." Akarudi.

"Jumanne zinaendelea," akasema. "Ombi limepokelewa."

"Na dawa?" Daktari akauliza.

"Ombi limepokelewa," Mkuu akarudia, akaenda zake ofisini bila kumtazama mtu.

Ndani, mlango umefungwa, Fundi alipanda kigoda mwenyewe, akafungua leso mwenyewe, akafungua mdomo. Daktari akaingiza kioo. Bi Mkubwa alikuwa ameshika mguu wa mumewe kwenye kifundo kama mtu anayemzuia asiruke.

"Nilikwambia nini mimi?" Daktari akasema hatimaye. Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Samahani, Daktari. Walikuwa wanataka kuchukua kiatu chako."

Daktari akaketi kwenye kiti chake cha magurudumu. Hakulia, lakini alikaa kama mtu anayeamua. Kisha akacheka, kicheko kifupi kilichomponyoka puani, na Bi Mkubwa akacheka naye, na Fundi akabaki ameachama, hajui kama ameruhusiwa.

"Nusu imeshika kwenye misumari," Daktari akasema, akivaa glavu. "Nusu ya mbele. Nitailainisha isikukate ulimi, na huku nyuma nikuwekee dawa ya muda ya kukinga. Utaishi nalo hivyo mpaka tuletewe dawa. Uji mwingi, mzee wangu. Na nyama umkatie ndogo, mama."

"Nitaanza leo kumkatia," Bi Mkubwa akasema, bila kupepesa.

Fundi akafumba macho. Keekee ikalia kidogo, ikanyamaza.

Walipotoka koridoni Daktari alitoka nao, amevaa viatu vyake, akivijaribu kwa kukanyaga huku na huku. Kwenye benchi alikuwa ameketi mwanamke kijana aliyevaa vazi la wafagizi wa barabara, kiganja shavuni, jicho la upande huo limeanza kuvimba.

"Shikamooni. Samahani," akasema. "Nimeambiwa hapa wanang'oa tu siku hizi. Mimi ni gego. Sitaki kung'oa, lakini nimeambiwa hakuna kuziba."

Daktari akageuza macho kwenye mlango aliotokea. Chupa ya unga ilikuwa kwenye pipa la taka nyuma yake, tupu, safi kama iliyooshwa.

"Nani kakwambia?" Fundi akauliza. Jino lilikuwa linamuuma sasa, maumivu yanapanda hadi sikioni, na bado alisimama wima. "Mimi wameniziba leo. Jino limevunjika kuliko hilo lako. Jumanne uje. Na wenzako wenye meno uje nao, mjae benchi hii mpaka nje."

"Kweli, baba?"

"Muulize mwenyewe."

Mwanamke akamtazama Daktari. Daktari akamtazama Fundi, akamtazama Bi Mkubwa, aliyekuwa anajitwisha meza yake. Alikuwa na nafasi ya kusahihisha. Akakaa pembeni mwa yule mwanamke, akakiondoa kiganja chake shavuni taratibu.

"Nitakupa vidonge vya kupunguza uvimbe," akasema. "Jumanne uwahi. Na mpaka siku hiyo, mwanangu, usimruhusu mtu yeyote akung'oe. Hata mimi."